Kiasi, na Mtawa Aliyewashinda Wenzake kwa Njaa

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, ile ya mwaka 1952, Paulo anapowaorodheshea Wagalatia tunda la Roho, la mwisho kabisa ni "kiasi". Limesimama mahali pa neno la Kigiriki enkrateia, yaani kujitawala. Mimi nalipenda kwa sababu ni neno la jikoni: chumvi kiasi, pilipili kiasi. Linamuuliza mlafi, na linamuuliza pia anayefunga, maana hata kufunga kuna kupita kiasi.

Twende Misri, karne ya 4. Wakristo kwa maelfu walikuwa wameacha nyumba zao wakaenda kuishi utawa, wakisuka ukindu, wakifunga na kukesha. Maisha hayo waliyaita askesis, mazoezi, kama ya wanariadha. Paulo naye alishautumia mfano huo kwa Wakorintho. Sasa palipo na mbio, hakosekani wa kuangalia nani katangulia.

Palladius, aliyeishi jangwani humo na kuandika habari za watawa mnamo 420, anamsimulia Makario wa Alexandria. Jamaa huyu hakuweza kusikia fulani kafunga namna fulani asiende kumpita. Akasikia sifa za watawa wa Pakomio kule Tabennisi. Akavaa nguo za kibarua, akaenda kubisha hodi. Pakomio akamwona mzee, akamzungusha siku saba, ndipo akampokea.

Kwaresima ikaingia. Makario akaona mmoja anakula jioni, mwingine kila baada ya siku mbili, mwingine baada ya tano. Yeye akaloweka ukindu wake, akasimama pembeni akisuka mpaka Pasaka. Hakuketi, hakulala, hakugusa mkate wala maji. Jumapili tu alitafuna majani machache ya kabichi, ili naye aonekane anakula. (Siku zote hizo bila maji! Hapo namwachia Palladius mwenyewe.)

Watawa wakamjia juu mkubwa wao: huyu asiye na mwili umemtoa wapi, aje kutuhukumu? Aondoke, la sivyo tunaondoka sisi, leo hii. Pakomio alipomtambua alimkumbatia, akamshukuru kwa kuwashusha vijana wake kiburi. Halafu, kwa adabu zote, akamwomba arudi kwao.

Palladius anasimulia haya kwa kumsifu Makario. Mimi moyo wangu uko kwa wale waliolalamika. Mzee alilitawala tumbo kweli, ila ile hamu ya kumpita jirani ilimtawala yeye, ikamvusha Misri nzima akiwa amejificha ndani ya nguo zisizo zake. Na kitabu hichohicho, mbele kidogo, kinaeleza kanuni aliyopewa Pakomio: kila mtu ale na anywe kadiri ya nguvu zake, asizuiwe kufunga wala kula, wenye nguvu wanaokula wapewe kazi nzito, na wadhaifu wanaofunga wapewe nyepesi.