Diwali: Safu ya Taa na Daftari la Mwaka

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kyarumba, katika vilima vya kahawa vilivyo chini ya milima ya Rwenzori, aweza kumaliza masomo yake yote pasipo kuiona Diwali hata mara moja. Sikukuu zinazosimamisha kazi kwetu ni Krismasi, Pasaka na Idi. Lakini mwanafunzi huyo huyo hutamka kila siku gari, cheti, bima, hundi, laki, bepari na fataki, asijue ya kuwa maneno hayo yote yamepita vinywani mwa watu ambao mwaka wao wa biashara ulifungwa na kufunguliwa kwa sikukuu hiyo. Ndipo tumeona vema kuizungumza Diwali katika kurasa hizi. Si kama kioja cha nchi za mbali, bali kama sehemu ya historia ya Afrika Mashariki ambayo lugha yetu imeihifadhi, nasi walimu aghalabu twaipita mbio.

Kwanza hapana budi tutenganishe maneno mawili ambayo wanafunzi wetu huyachanganya. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki si Wahindu. Waismailia na Mabohora ni Waislamu, Wagoa ni Wakatoliki, na Makalasinga na Wajaini kila jamii ina dini yake. Zamani huko pwani Mhindu aliitwa Baniani, jina lenye asili katika neno la Kigujarati lililotaja tabaka la wafanya biashara. Basi mwalimu asemaye kwamba Diwali ni "sikukuu ya Wahindi" amesema nusu ya ukweli.

Jina lenyewe latoka katika Kisanskriti, lugha kongwe ya maandiko ya Kihindu. Dipa ni taa, na avali ni safu. Hivyo Dipavali, ambalo kwa matamshi ya kila siku limekuwa Diwali, ni safu ya taa. Taa za asili ni vibakuli vidogo vya udongo vilivyotiwa samli au mafuta, na ndani yake utambi wa pamba. Hupangwa kizingitini, madirishani na juu ya kuta. Sikukuu hufuata mwezi wa angani, nayo huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, kwa hiyo tarehe yake huhama kila mwaka. Jambo la kuzingatia ni kwamba usiku uliochaguliwa si wa mbalamwezi, bali ni ule usio na mwezi kabisa. Mwenye nyumba hangoji mbingu impe nuru; huiwasha mwenyewe kwa mikono yake, na jirani yake vivyo hivyo, hata mtaa mzima ukaonekana.

Kwa desturi ya Wagujarati, ambao ndio wengi miongoni mwa Wahindu wa Afrika Mashariki, sherehe huenea siku tano. Siku ya kwanza, Dhanteras, watu hununua dhahabu, fedha au walau chombo kipya cha nyumbani. Siku ya pili hukumbukwa ushindi wa Krishna juu ya jitu Narakasura. Siku ya tatu ndiyo Diwali hasa, na ndipo huombwa Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Nyumba huwa imefagiliwa na kupakwa rangi, na kizingiti kimepambwa kwa michoro ya unga wa rangi. Siku ya mwaka mpya watu huvaa nguo mpya, hutembelea wazee wao na kuigusa miguu yao ili kupata baraka. Siku ya mwisho ni ya ndugu: kaka huenda kwa dada yake, akala chakula chake na kumpa zawadi. Katika siku zote hizo hapakosi ladu na vitamu vingine, wala hapakosi fataki, ambazo Waswahili walizipokea pamoja na jina lake.

Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ile ya Ramayana. Mwana wa mfalme Rama alitolewa katika mji wake wa Ayodhya, akaishi msituni miaka kumi na minne pamoja na mkewe Sita na nduguye Lakshmana. Sita akatekwa na Ravana, mfalme wa Lanka. Rama akapigana naye, akamshinda, akamrejesha mkewe. Waliporudi Ayodhya raia waliwasha taa ili kuwaonyesha njia ya nyumbani. Wajaini kwa upande wao hukumbuka kifo cha mwalimu wao mkuu Mahavira, aliyepata ukombozi wa roho usiku huo. Nao Makalasinga hukumbuka jinsi Guru Hargobind alivyotoka katika kifungo cha ngome ya Gwalior katika karne ya 17, akiwatoa pamoja naye, kwa mapokeo yao, wafalme hamsini na wawili. Visa ni mbalimbali, lakini vingi vyakutana mahali pamoja: mtu aliyetengwa na watu wake amefunguliwa, naye apokewa kwa taa.

Pamoja na taa kuna kitu cha pili ambacho wageni hawakioni upesi, nacho ni daftari. Mfanya biashara wa Kigujarati alifunga hesabu zake za mwaka wakati wa Diwali, akaleta daftari jipya mbele ya sanamu ya Lakshmi ili libarikiwe. Ibada hiyo huitwa Chopda Pujan, maana yake heshima kwa daftari. Katika kurasa za kwanza ziliandikwa alama za baraka na maneno mawili, shubh na labh, yaani heri na faida. Heri yatangulia, faida yafuata. Kisha ulianza mwaka mpya wa kalenda ya Vikram, ambayo hesabu yake i mbele ya ile ya Kizungu kwa miaka 56 au 57. Basi usiku wa Diwali ulikuwa pia usiku wa kuulizana: nani anatudai, nasi twamdai nani?

Daftari hizo zilifikaje kwetu? Wafanya biashara wa Kutch na Gujarat walivuka bahari kwa pepo za kaskazi muda mrefu kabla ya ukoloni. Katika karne ya 19, enzi ya Seyyid Said, nyumba ya Kihindu ya Jairam Shivji ndiyo iliyokodi forodha ya Unguja. Kisha ikaja reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 njia ilijengwa kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, nao vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba. Wapatao 2,500 walikufa, na wapatao 6,700 wakabaki. Wenye maduka, hata hivyo, wengi wao hawakutokana na vibarua hao. Walikuja kwa nauli yao wenyewe, wakiifuata reli na njia za misafara. Hata fedha ilikuwa ya Kihindi: rupia ilitumika Uganda na Kenya mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Hapa Uganda Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akajenga kile cha Kakira. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na mwaka 1956 ikafika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Hivyo njia ile ile iliyoanza Mombasa kwa jasho la vibarua wa Kihindi na la Waafrika ikaja kuishia chini ya milima yetu. Katika miji ya Uganda, hata ile midogo, duka lilikuwa mara nyingi mali ya mtu mwenye asili ya Bara Hindi.

Haifai tuipambe historia hii kwa taa tupu. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mkulima wa pamba alilima, lakini viwanda vya kuchambulia pamba vilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Na ghasia za mwaka 1949 katika Buganda zilitokana kwa sehemu na dai la wakulima kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Mwaka 1959 Buganda ilishuhudia mgomo mkubwa wa kutonunua katika maduka ya Wahindi. Uchungu huo lugha nayo imeuhifadhi. Methali yasema: "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Tuitazame vizuri: ndani ya maneno matano kuna dharau, na papo hapo kuna kukiri kwamba kitu chake chatufaa. Mwalimu anayeifundisha methali hii kama pambo la insha, asiseme Baniani ni nani, huwarithisha watoto dharau bila kuwapa maarifa.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku tisini. Siku ya mwisho ikawekwa tarehe 8 Novemba. Miongoni mwa waliotoka walikuwamo wengi waliozaliwa hapa, na wengine waliokuwa raia wa Uganda ambao hati zao zilikataliwa. Mwaka huo Diwali iliangukia Jumapili, tarehe 5 Novemba. Yaani usiku wa safu ya taa ulifika siku tatu tu kabla ya mlango kufungwa, na mwaka 2029 wa Vikram ukaanza ndani ya siku hizo hizo za mwisho. Hatuna haja ya kubuni yaliyotokea majumbani usiku ule. Kalenda pekee yatosha: watu ambao desturi yao ilikuwa kufungua daftari jipya usiku huo waliacha maduka, viwanda, mahekalu na madeni yasiyolipwa, yakiwemo yale waliyodaiwa na yale waliyodai. Mali iligawiwa, mara nyingi kwa askari na wapenzi wa utawala, si kwa mkulima aliyenung'unika mwaka 1949. Uzalishaji wa sukari ukaporomoka, na raia wakajifunza kupanga foleni za sukari na sabuni.

Waliopokewa Uingereza walikuwa zaidi ya 27,000. Mnamo Septemba 1972 halmashauri ya mji wa Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije katika mji huo. Wakaja. Leo barabara ya Belgrave katika mji huo huo hupambwa kila mwaka kwa taa za Diwali, na mkusanyiko wake huhesabiwa miongoni mwa mikubwa kabisa nje ya Bara Hindi. Huku Uganda sheria ya kurudisha mali ilipitishwa mwaka 1982, familia za Madhvani na Mehta zikarudi kuvifufua viwanda vyao, na baada ya serikali kubadilika mwaka 1986 milango ikafunguliwa zaidi. Kutoka 1972 hadi 1986 ni miaka kumi na minne, sawa na ile ya Rama msituni. Ulinganifu huo wavutia, lakini tusiutie chumvi: waliorudi walikuwa wachache, na wengi walikwisha kuota mizizi kwingine.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo sisi tunaofundisha kati ya Kasese na Bwera hatufundishi tena lugha ya askari na ya sokoni tu, kama wengi walivyoidhania. Twafundisha lugha itakayobeba historia ya taifa. Nasi twapendekeza yafuatayo. Mwalimu awape wanafunzi yale maneno saba tuliyoyataja mwanzoni, wayapange kwa mambo yanayohusu: safari, maandishi, fedha, biashara na sherehe, orodha hiyo yenyewe itawaeleza Wahindi walifanya nini hapa. Awaeleze tofauti ya Mhindi na Mhindu kabla ya kuitaja methali ya Baniani. Na afikapo mwaka 1972, asifundishe kufukuzwa bila kuutaja uchungu wa mkulima wa pamba, wala asiutaje uchungu huo kama udhuru wa kufukuzwa.

Daftari la mfanya biashara lina pande mbili, alichopokea na alichotoa, wala haliwezi kufungwa kwa kuandika upande mmoja. Hesabu ya Uganda na watu wake wenye asili ya Bara Hindi bado haijaandikwa sawasawa katika akili za wanafunzi wetu. Diwali ijayo, usiku usio na mwezi, taa zitawashwa Kampala, Jinja, Nairobi, Unguja na Leicester. Hapa Kyarumba yatutosha kufungua ukurasa mpya darasani, tukaanza kama wao walivyoanza: heri kwanza.