Aliyetoka Majini Nguo Zikiwa Kavu

Mwaka 1904, katika kijiji cha Ngarambe, jirani na vilima vya Umatumbi, mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale alishikwa na pepo. Wazee waliohojiwa zaidi ya miaka sitini baadaye walisimulia kwamba alilala kifudifudi, mikono ameinyoosha mbele, akatambaa hadi kwenye kidimbwi na kuzama humo. Ndugu zake wakapiga mbizi kumtafuta, wasimwone. Kesho yake asubuhi akaibuka, nguo zikiwa kavu, akaanza kunena. Aliyemshika, walisema, ni Hongo, pepo wa majini aliye chini ya Bokero, mkubwa wa maporomoko ya Rufiji.

Wanafunzi wengi wa Kiswahili wanamfahamu mtu huyu kwa jina lililobadilika kidogo, Kinjeketile, kwa sababu walikutana naye katika tamthiliya ya Ebrahim Hussein. Herufi zile zilizobadilika zina kisa chake, lakini kisa hicho hakieleweki mpaka turudi kwanza kwenye yale maji.

Bokero hakuzuka mwaka 1904. Kabla Mjerumani hajapandisha bendera yake pwani, watu walikuwa wakisafiri hadi Rufiji kuomba mvua na mavuno. Huko Uluguru, Kolelo naye aliombwa vivyo hivyo. Kwa hiyo Kinjikitile alipojenga kijumba-nungu, yaani nyumba ya Mungu, watu walijua wanakwenda wapi na wanafuata nini. Walikwenda makundi kwa makundi. Aliwaambia kwamba wafu wao hawajapotea, kwamba wako kwa Bokero na watarudi. Maji aliyowapa yalisemwa kuwa yangezuia risasi za Wajerumani, na ndani yake mlikuwa na mtama na mahindi. Hapo napenda tusimame kidogo. Dawa ya kuzuia risasi ina haja gani na nafaka? Mimi naona jibu liko wazi: maji yale yalikuwa dua ya shamba kabla hayajawa ngao ya vita.

Na shamba ndilo lililokuwa limeharibika. Tangu mwaka 1902 serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ilikuwa ikiwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Kazi ilidaiwa msimu uleule ambao mtu alitakiwa kuwa kwake akipalilia au kulinda mazao dhidi ya nguruwe. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Habari za Ngarambe zikaenea kwa minong'ono iliyoitwa njwiywila, na wanaume wakaanza mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete walichoka kungoja, wakang'oa pamba. Tarehe 4 Agosti, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Moto wa Vita ya Maji Maji ulikuwa umeshawaka. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa na wenzake wanne njiani kuelekea Liwale. Tarehe 30 Agosti maelfu walilishambulia boma la Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha.

Kilichofuata kiliua watu wengi kuliko risasi. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, maghala na mashamba ili njaa imalize kazi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilifika watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Götzen alichapisha kitabu chake kuhusu vita hiyo mwaka 1909, na ndani yake waganga ndio waliobeba lawama. Maelezo hayo yalimfaa. Kama chanzo ni uchawi, basi pamba haina kosa. Kwa miaka mingi maandishi yaliendelea kumtazama mpiganaji wa Maji Maji kama mtu aliyerogwa. Upande wa Waswahili wenyewe, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia vita hiyo utenzi mzima, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley.

Mwaka uliotangulia, Julius Nyerere alikuwa amesimama Umoja wa Mataifa na kuitaja vita ileile kuwa ushahidi kwamba watu wa nchi hii hawakuwahi kuukubali utawala wa wageni. Baada ya uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliichukua kazi ya kuieleza vita hiyo kwa utafiti. Mwanahistoria Terence Ranger alifika mwaka 1963, mwenzake John Iliffe akaandika mwaka 1967 kuhusu namna vita ilivyopangwa, na mwaka 1968 wanafunzi walirudi wilayani kwao kuwahoji wazee, wengine wakiwa wameiona vita kwa macho yao. Gwassa alikusanya masimulizi ya Umatumbi kwa subira kubwa. Bila yeye, kidimbwi cha Ngarambe na nguo kavu tusingevijua kwa undani huu.

Hussein, mzaliwa wa kusini huko huko, alichapisha *Kinjeketile* mwaka 1969. Katika utangulizi alieleza historia ya vita, kisha akasema wazi kwamba mtu wake ni wa kubuni. Ndipo jina lilipobadilika. Kinjeketile wa jukwaani ana shaka. Anajiuliza kama maneno aliyoyasema aliposhikwa na pepo ni yake au la. Anaogopa kwamba neno limemzidi mwenyewe na kwamba watu wanalibeba wasikotumwa. Anaishi hadi aone kipigo, kisha anateswa akane maji, naye anakataa. Wa Mohoro alinyongwa kabla ya Mahenge. Hussein alimwongezea siku za kuishi ili ayabebe maswali yetu, na nadhani alikuwa na haki hiyo.

Kosa ni letu sisi wasomaji. Tamthiliya ikawa kitabu cha shule, utangulizi ukarukwa, na shaka ya mhusika ikageuka ushahidi kwamba hata mwenye maji hakuyaamini. Wazee waliohojiwa hawakusema hivyo. Nje ya darasa jina la vita lilikwenda kwenye uwanja wa mpira wa Songea na kwa timu ya Majimaji, iitwayo kwa utani Wanalizombe, likawa fahari ya mji bila kumhitaji Kinjikitile hata kidogo.

Na Songea wana sababu. Watafiti wa baadaye, kina Jamie Monson na Thaddeus Sunseri, wameonyesha kwamba Ngarambe imepewa uzito kupita kiasi kwa sababu taifa changa lilihitaji kiongozi mmoja na chanzo kimoja. Huko Songea, katika Ungoni, maji yaliletwa na Omari Kinjala, na machifu waliyapokea kwa hesabu zao za kisiasa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi pale Songea, akiwemo chifu Mputa Gama. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kupandishwa kitanzini. Maji ya Kinjala na maji ya ubatizo yaliwagusa watu walewale, ndani ya miezi michache. Sijaona tamthiliya iliyolitazama jambo hilo.

Mwalimu unayefundisha *Kinjeketile* mwaka huu, anza na utangulizi wake. Kisha waulize wanafunzi wako ule mtama ulikuwa wa nini.