Sinigang: Supu ya Ufilipino Yenye Uchachu

Mara nyingi vijana wanatuuliza: kama vitu vya kupikia vilitoka nje, chakula kitakuwa chetu namna gani? Ili kuwajibu, leo tunaenda mbali, mpaka Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya 7.000.

Kule kuna supu inayoitwa sinigang. Jina ni la Kitagalog, si la Wahispania waliotawala visiwa vile toka 1565 mpaka 1898. Doreen Fernandez (1934-2002), mwandishi aliyechunguza sana chakula cha nchi yake, alisema sinigang, kuliko adobo yenye jina la Kihispania, ndiyo inaonyesha ladha ya Wafilipino. Inapokea samaki ao nyama, inafaa tajiri na maskini, tena inafuata majira.

Nyumbani inapikwa hivi. Mama anachemsha ukwaju mbichi mpaka unalainika, anauponda, anachuja. Mbavu za nguruwe zinachemka polepole pamoja na vitunguu na tomati. Wengi wanatumia maji ya kuosha mchele. Kiisha anatia mateke kusudi mchuzi uwe mzito, figili, bamia na pilipili mbichi ndefu. Majani ya kangkong yanaingia mwisho, sababu yanaiva upesi. Kwa chumvi kuna patis, maji ya samaki waliokaa muda mrefu mu chumvi. Wanakula na wali.

Sasa tuangalie asili ya vitu hivyo. Mti wa ukwaju ni wa Afrika. Ulifika Asia zamani sana, hata Waarabu wakauita tende ya Hindi. Tomati ni ya Amerika, na mapera vilevile, ambayo wengine wanayatia pahali pa ukwaju. Merikebu za Wahispania zilisafiri kati ya Acapulco na Manila toka 1565 mpaka 1815. Mu visiwa vya Visayas wanapenda batuan, tunda la kwao. Tena kuna supu wanazozitia majani ya labog, ndiyo ngai-ngai yetu! Kwingine ni embe mbichi. Kwa hiyo miti ilitoka pande zote za dunia, lakini desturi ni moja: uchachu unachumwa karibu na nyumba.

Desturi hiyo iko hatarini. Siku hizi wengi wanatia unga wa paketi. Hatuwalaumu: Mfilipino anayefanya kazi Dubai hana mti karibu. Lakini paketi nyingi ni za ladha ya ukwaju, na mtoto aliyezoea paketi peke yake hataona faida ya kutunza batuan nyuma ya nyumba. Mti ukikatwa, ujuzi wa bibi unakwenda nao.

Kwetu vilevile, muhogo ulitoka Amerika, Wareno wakauleta. Hata hivyo nani atasema sombe si yetu? Imekuwa yetu kwa mikono ya mama zetu, wanaojua jani gani la kuchuma, litwangwe namna gani, likae mu moto saa ngapi. Basi tukiandika mapishi ya wazee, jina la chakula halitoshi. Tuwaulize mama wangali hai: mti gani, majira gani, na kipimo gani cha mkono.