Batobato na Michirizi: Muhogo wa Amani na Historia ya Majina Yake

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya utafiti wa maradhi ya muhogo uliofanywa Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, na kuonyesha jinsi majina yalivyohusika na historia hiyo. Huenda msomaji akashangaa kukuta habari za mimea katika jarida la lugha. Lakini kazi ya mtaalamu wa mimea, kama ile ya mtunga kamusi, huanza kwa kupambanua kitu na kingine na kukipa kila kimoja jina lake. Jina likipotea, maarifa nayo hupotea, ijapokuwa chenyewe kilichotajwa kingali shambani.

Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno pande za magharibi ya bara hili katika karne ya 16, na pwani yetu ikaupata kwa wingi katika karne ya 18. Mkulima hapandi mbegu ya muhogo, hupanda pingili. Kwa hiyo kila shina jipya ni mwili ule ule wa shina la zamani. Ladha ya mama huwa ya mtoto, na ugonjwa wa mama huwa wa mtoto vile vile. Jambo hili laeleza sehemu kubwa ya habari zitakazofuata.

Maradhi ya kwanza kuandikwa ni yale ambayo leo twayaita batobato. Mwaka 1894 mtaalamu wa Kijerumani, Otto Warburg, aliyataja katika maandishi yake juu ya mimea ya Usambara. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya elimu ya viumbe na kilimo, na mwaka 1906 Albrecht Zimmermann, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alitoa rai kwamba chanzo chake ni kitu cha namna ya virusi. Yafaa kuyalinganisha majina. Jina alilolitumia Zimmermann lilikuwa na maana ya ugonjwa wa kujikunja, yaani lilitazama umbo la jani. Neno batobato latazama rangi: mabaka ya kijani na ya manjano yaliyochanganyika katika jani moja. Dalili zote mbili ni za kweli. Kila lugha ilichagua ile iliyoiona kwanza.

Katika zama hizo hizo Wajerumani walipanda mashamba makubwa ya mpira. Mti walioupanda sana haukuwa ule wa mpira wa Asia, bali jamaa wa muhogo atokaye Ceará, Brazil, aitwaye na wataalamu Manihot glaziovii. Biashara hiyo ilianguka kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpira wa Asia uliposhusha bei. Mashamba yakaachwa, miti ikabaki. Watu waligundua kwamba majani yake yapikika kama ya muhogo, wakaita mboga hiyo kisamvu cha mpira, na jina hilo lingali midomoni mwa watu wa Tanzania hata leo. Hivyo jina la mboga limehifadhi kumbukumbu ya biashara iliyokufa zamani.

Waingereza waliifungua upya taasisi ya Amani mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1928 akaja H. H. Storey, mchunguzi wa virusi vya mimea. Kuhusu muhogo alifanya mambo mawili makubwa. La kwanza, mwaka 1936 alipambanua ugonjwa wa pili ambao hapo kabla haukuwa umeelezwa katika maandishi ya wataalamu. Ugonjwa huu huleta mistari ya rangi ya kahawia katika shina, na huozesha mizizi kwa uozo mkavu usioonekana mpaka muhogo ung'olewe. Kwa Kiswahili twauita michirizi ya kahawia, jina linalotokana na kitenzi -chirizika, kana kwamba rangi imetiririka juu ya gome. La pili, mwaka 1938 yeye na mwenziwe R. F. W. Nichols walieleza jinsi batobato inavyoenea. Watafiti wa Kongo ya Kibelgiji walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1932 kwamba ugonjwa huchukuliwa na nzi weupe. Storey na Nichols walithibitisha jambo hilo, wakaongeza kwamba nzi hao huambukiza majani machanga tu.

Kujua chanzo si kupata dawa, maana mmea ulioshikwa na virusi hauponi kwa kunyunyiziwa. Njia iliyobaki ilikuwa kupata muhogo usioshikwa upesi. Watafiti wa Amani walitafuta aina nyingi za muhogo, wasipate ukinzani wa kutosha. Ndipo walipoigeukia ile miti ya mpira iliyoachwa na Wajerumani, ambayo ilistahimili maradhi vizuri. Waliichavusha pamoja na muhogo, wakapata machotara wenye nguvu lakini wenye mizizi isiyofaa kuliwa. Wakawarudisha machotara hao kwa muhogo mara ya pili na ya tatu, na kila mara wakichagua, mpaka mizizi ikawa ya muhogo na nguvu ikabaki ya mpira. Baada ya Nichols kazi hii iliendelezwa na D. L. Jennings, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1957. Mwaka huo huo kazi ya kuzalisha mihogo ya Amani ilisimamishwa.

Hapo historia ya ofisi yakoma, lakini historia ya muhogo haikukoma. Ilifuata njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa ya mbegu zilizopelekwa nchi nyingine kabla kazi haijafungwa. Katika mbegu zilizofika Nigeria ilichaguliwa aina iliyopewa nambari 58308. Aina hiyo ilikuwa msingi wa kazi ya taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoundwa Ibadan mwaka 1967, nayo ndiyo iliyozaa muhogo uitwao TMS 30572. Batobato kali ilipoangamiza mashamba ya Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, muhogo huo ulikuwa miongoni mwa aina zilizotolewa kwa wakulima, nao huko ukaitwa Nase 3. Damu ya mpira wa Usambara ilikuwa imekwenda Afrika ya Magharibi ikarudi Mashariki, na jina la Amani halikuonekana popote juu yake.

Njia ya pili ilikuwa ya wakulima wenyewe. Mwaka 2004 michirizi ya kahawia ilionekana Uganda, mbali na pwani na katika nchi ya juu, ambako kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa haifiki. Mihogo iliyokwisha kushinda batobato ilikutwa haina kinga ya kutosha dhidi yake. Watafiti wakaanza kutafuta muhogo unaostahimili michirizi. Katika mikoa ya kusini ya Tanzania wakakuta aina iitwayo Namikonga, na pwani ya Kenya aina iitwayo Kaleso. Majina haya hayafanani hata kidogo, na kwa muda aina hizo zilihesabiwa kuwa mbili. Vinasaba vilipolinganishwa, ilionekana kuwa ni muhogo mmoja, nao ndio ule uliosajiliwa Amani kwa nambari 46106/27. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha pia kwamba ndani ya Namikonga zimo sehemu za urithi wa Manihot glaziovii. Mkulima alikuwa ameutunza kwa zaidi ya nusu karne, akikata pingili na kumpa jirani, bila ya kuambiwa kwamba anatunza kazi ya maabara.

Nambari ya Amani ilieleza ukoo wa mmea, lakini haikuwa na maana kwa mtu aliyeulima. Majina ya wakulima yaliuweka mmea hai, lakini hayakusema ulitoka wapi. Laiti mtu angaliandika mapema, katika daftari moja tu, kwamba 46106/27 huku huitwa Kaleso na kule Namikonga, watafiti wa karne hii wasingalilazimika kugundua kwa gharama kubwa kitu kilichokwisha kugunduliwa.

Kazi ya namna hiyo ni yetu sisi tunaokusanya maneno. Katika orodha zetu neno muhogo hupewa maelezo, lakini majina ya aina zake huachwa, kwa kuwa hudhaniwa kuwa ni ya mahali tu, hayastahili kuingizwa katika kamusi. Historia niliyoieleza yaonyesha vingine. Anayekwenda vijijini kukusanya lahaja na aulize pia majina ya mihogo, ayaandike pamoja na mahali, ladha, muda wa kukomaa, na aliyeleta pingili ya kwanza. Ugonjwa mwingine utakapokuja, huenda jibu likawa limo shambani tayari, likingojea mtu wa kulitambua kwa jina lake.