Utulivu wa Musoma

Msafiri atokaye Manyamanyama, katika mji wa Bunda, akishika njia ya kaskazini kwenda Musoma, huambiwa na wenziwe kuwa anakwenda kupumzika. Neno hilo si uongo. Barabara kuu itokayo Mwanza hupita Bunda ikaendelea hata mpaka wa Sirari, haiingii Musoma. Penye Makutano msafiri wa Musoma huachana na wengine, akageuka magharibi, na baada ya mwendo mfupi huliona ziwa limetanda mbele yake. Mji umekaa juu ya ulimi wa nchi uliochomoza majini, na jina lake, lililotokana na neno omusoma la Wakwaya, lina maana hiyo hiyo ya rasi. Majabali makubwa yamepangana ufukoni, upepo wa jioni ni mtamu, na watu hawana pupa.

Wageni huusifu utulivu huo, na wengine husema kwa kicheko kuwa mji umelala. Sifa hiyo na kicheko hicho vina kosa moja: vyadhani kuwa utulivu wa mji ni tabia ya hewa yake au uvivu wa watu wake. Historia yasema jingine.

Mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu. Reli ya kutoka Tabora haikufika Mwanza mpaka 1928. Kwa zaidi ya robo ya karne, basi, mlango wa kutokea baharini kwa nchi za ufuko huu ulikuwa kaskazini, na Musoma ilikuwa karibu na mlango huo kuliko Mwanza. Ziwa lenyewe halikuwa la amani sikuzote. Mnamo Novemba 1914, katika vita vya Waingereza na Wajerumani, meli ya Kiingereza iitwayo Sybil ilipanda mwamba karibu na Majita, ikaachwa katika pwani ya adui hata ilipookolewa mwaka uliofuata.

Tangu 1948 meli zilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Zilizunguka ziwa zima, na Musoma ilikuwa kituo kimoja katika mzunguko huo, pamoja na Kisumu, Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi 1967. Jumuiya ikavunjika 1977. Mwaka huo huo mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, wala haukufunguliwa mpaka 1983. Bandari iliyozoea kutazama kaskazini ikakuta mlango umefungwa mbele yake. Barabara kuu nayo ilikuwa imepita kando. Hivyo kimya ambacho mgeni hukiita raha, mwenyeji mchuuzi alikijua kwa jina la hasara.

Lakini mji huu uliodhaniwa kulala uliwahi kutamka neno lililoamsha nchi nzima. Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapa, ikatoa Azimio la Musoma. Elimu ya msingi kwa kila mtoto, iliyotazamiwa kupatikana 1989, ikaamriwa ipatikane 1977. Aidha, mwombaji wa chuo kikuu alitakiwa afanye kazi kwanza miongoni mwa watu. Sharti hilo lililegezwa baadaye, na madarasa yalijaa upesi kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa; haya ni kweli na hayafai kufichwa. Hata hivyo, mtoto wa mkulima wa Manyamanyama alipata mahali pa kuketi ambapo baba yake hakupata.

Tena haikuwa ajabu neno hilo kutoka hapa. Mwaka 1934 kijana wa Kizanaki aitwaye Julius Kambarage Nyerere, mwenye umri wa miaka 12, alitoka Butiama akaja Musoma kuanza shule ya Mwisenge. Mtoto wa mtemi alipata nafasi hiyo. Maelfu ya rika lake hawakuipata. Miaka 40 baadaye yeye ndiye aliyekuwa Rais na kiongozi wa chama kilichokutana katika mji huo huo alimojifunza kusoma.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Utulivu nao huundwa: kwa reli iliyokwenda kwingine, kwa mpaka uliofungwa, kwa barabara iliyopita kando. Msafiri na apumzike Musoma, kwani upepo wake hauna bei. Lakini kabla hajasema kuwa mji umelala, aulize njia ya Mwisenge, akasimame saa ya watoto kutoka darasani, asikilize kelele zao.