Herufi bila kifurushi hupotea bila habari

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Mayoni, upande wa Matungu, nikiwa na kiflashi kidogo mfukoni. Ndani yake mlikuwa na kazi ya ujana wangu wa kitaaluma. Katika miaka ya 1990, nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamifu, niliketi na wazee wa hapa wakanipa methali, vitendawili na majina ya mimea kwa Oluwanga. Wengi wao wametuacha. Kanda za sauti nazo ziliingia ukungu zamani. Kilichobaki ni manukuu niliyoyapiga chapa kwenye tarakilishi, yakahama kutoka disketi hadi diski, kutoka diski hadi kiflashi.

Nilitaka kuyachapisha kijitabu kwa ajili ya watoto wa kijijini. Nikampa mjukuu wangu, mwana wa mpwa wangu anayesomea tarakilishi, ayafungue kwenye mashine yake ya Linux. Mahali nilipoandika “iŋombe”, yaani ng’ombe, pakatokea “i§ombe”. Toni nilizoziwekea alama kwa makini zikawa vijiti, nyota na alama za pesa. Ukurasa mzima ulionekana kama umemwagiwa mchele.

“Faili imeoza,” nikasema.

“Hapana Kuka, faili ni nzima,” akajibu. “Ni fonti ndiyo haiko. Ulitumia gani?”

Nikamwambia ni fonti niliyopewa na mwenzangu kwenye disketi. Imetengenezwa na nani? Sijui. Toleo la ngapi? Sijui. Ina ruhusa gani? Wakati ule nani aliuliza mambo ya ruhusa! Kijana akacheka, mimi nikanyamaza. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe nilikuwa nikiwafundisha nisiyoyatenda.

Msomaji anaweza kudhani hili ni tatizo la mashine tu. La hasha. Ni ukurasa wa karibuni katika historia ndefu ya tahajia za lugha zetu. Katika historia hiyo kamati huamua herufi, lakini aliye na chapa ndiye huamua kama herufi hiyo itaishi.

Tuitazame hiyo ŋ. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika iliundwa London mwaka wa 1926, na baadaye ikapendekeza alfabeti ya kuandikia lugha za bara hili. Wataalamu wake, akiwemo Diedrich Westermann, waliona afadhali kubuni herufi mpya kuliko kurundika alama juu ya herufi za kawaida. Sauti ya mwanzo wa neno “ng’ombe” ikapewa ŋ. Kiswahili hakikuifuata, kilibaki na ng na ritifaa yake. Jirani zetu Waganda waliikubali, na katika tahajia sanifu ya Luganda ya 1947 herufi ŋ ina nafasi yake rasmi. Lakini taipureta za kawaida hazikuwa na kibonye cha ŋ. Makarani, walimu na wapenzi walioandikiana barua wakaamua la kufanya: wakapiga ng’. Hadi leo utakutana na tahajia zote mbili. Kamati ilisema hivi, kibonye kikasema vile, na kibonye kikashinda mara nyingi.

Tarakilishi zilipokuja, mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Mfumo wa ASCII wa mwaka wa 1963 ulikuwa na nafasi 128 tu, na uliundwa kwa ajili ya Kiingereza cha Marekani. Ukapanuliwa. Mfumo uitwao Latin-1, uliosanifishwa mwaka wa 1987, uliwapa watu wa Ulaya Magharibi herufi zao. Kireno kikapata ã na õ zenye kiwimbi juu. Gĩkũyũ na Kĩkamba, ambazo huhitaji kiwimbi hichohicho juu ya i na u, hazikupata kitu. Ndiyo maana utaona jina la Ngũgĩ wa Thiong’o limeandikwa bila alama yoyote, au limevishwa kofia, Ngûgî, kwa sababu herufi za kofia zilikuwamo kwenye mashine na za kiwimbi hazikuwamo. Mwandishi aliyepigania lugha za Kiafrika maisha yake yote hakuwa na uhakika wa kuandikiwa jina lake sawasawa.

Sisi wanaisimu tulijitafutia njia ya panya. Mtu alichukua fonti, akafuta umbo la § na kuchora ŋ mahali pake. Kwenye skrini yako uliona ŋ, lakini ndani ya faili mashine ilikuwa imehifadhi namba 167, namba ya §. Ukimpelekea mwenzako asiye na fonti hiyo, ukweli unafichuka. Hicho ndicho kilichonipata Mayoni. Kwa miaka yote hiyo sikuwa nimeandika ŋ hata mara moja. Nilikuwa nimeandika § iliyovaa kinyago.

Tiba ilianza mwaka wa 1991, lilipotoka toleo la kwanza la Unicode, mpango wa kuipa kila herufi ya dunia namba yake isiyogawana na nyingine. Leo ŋ ni 331, ĩ ni 297, ũ ni 361, iwe Nairobi, Kampala au Tokyo. Hata hivyo namba ni namba tu. Unicode haichori herufi. Anayechora ni mtengeneza fonti. Na mchoro ukishakamilika, lazima ufike kwenye mashine ya mwalimu wa kijijini. Kwa hiyo herufi ina safari ya hatua tatu: namba, umbo na kifurushi. Hatua ya tatu ndiyo tunayoisahau, nami nilioneshwa maana yake na kijana wa chuo.

Aliandika mstari mmoja mfupi na kusubiri kidogo. “Nimekuwekea Andika,” akasema.

“Niandike nini?”

“Hapana Kuka, fonti yenyewe ndiyo inaitwa Andika. Ni Kiswahili.”

Kweli, ndivyo inavyoitwa. Fonti ya Andika ilitengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Maumbo yake yamechorwa ili mtoto asichanganye herufi moja na nyingine, kwa mfano I kubwa, l ndogo na tarakimu 1. Imebeba ŋ, ĩ, ũ na alama za toni. Katika Debian, toleo la Linux lililoanzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993, imefungashwa kwa jina fonts-sil-andika. Ubuntu, toleo lililozaliwa mwaka wa 2004 juu ya msingi wa Debian, linaipata kutoka hukohuko. Neno ubuntu ni utu wetu kwa lugha za kusini mwa Afrika. Basi maneno mawili ya Kibantu yalikutana kwenye skrini moja Mayoni, na mimi profesa wa lugha nilikuwa sijui.

Nikamwomba anifungulie kifurushi nione ndani. Mna faili za fonti, ambazo hupelekwa mahali maalumu ili kila programu izione. Mna jina na namba ya toleo. Mna orodha ya mabadiliko: kilichorekebishwa, lini, na nani. Na mna waraka wa hakimiliki. Huo wa mwisho ndio ulionigusa. Debian haipokei katika hazina yake kuu kitu ambacho watu hawaruhusiwi kukirekebisha na kukigawa upya. Ndiyo maana leseni ya fonti huria ya SIL, iliyoandikwa na Victor Gaultney na Nicolas Spalinger, ilikuwa muhimu mno. Inakuruhusu kuitumia fonti, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Haikuruhusu kuiuza peke yake, na ukiibadilisha, jina ambalo wenyewe wamelihifadhi hulitumii bila ruhusa. Ile fonti yangu ya disketi haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ilipokufa, hapakuwa na wa kuulizwa.

Tulishinda siku mbili tukirudisha § kuwa ŋ, alama moja baada ya nyingine. Nyingi zilirudi. Lakini baadhi ya kurasa nilikuwa nimezipiga kwa fonti nyingine ya siri, ambamo alama moja ilifanya kazi mbili. Kuna mti mmoja wa dawa ambao sijui tena toni za jina lake. Mzee aliyenitajia amelala, kanda imeharibika, na faili inanionesha nyota. Nimeuandika kijitabuni bila toni. Si kosa la tarakilishi. Ni langu.

Ndipo nasema, idara zetu za lugha zisiridhike kupitisha tahajia kwenye warsha na kupiga makofi. Waulize: herufi hizi zina namba? Fonti gani inazichora? Imefungashwa wapi, kwa leseni ipi, na mwalimu ataipataje bila kununua? Na wenye disketi kama zangu wazifungue sasa, wakati wakumbukao wangali hai.

Kabla ya kuwa kazi ya kalamu pekee, neno andika lina maana nyingine ambayo vijana wanaisahau. Huandikwa meza pia, yaani chakula hupangwa tayari kwa mlaji. Wapanga herufi za risasi walituandikia meza hiyo zamani. Leo wanaotuandikia ni wafungashaji wa fonti, watu wanaojitolea na ambao wengi wetu hatuwajui. Mjukuu wangu ameniomba nimfundishe alama za toni; anataka kujiunga nao. Nimekubali, kwa sharti kwamba ataandika jina lake kwenye daftari.