Nani Amwage Oili? Zaidi ya Miaka Mia ya Mvutano kati ya Mwenye Gari na Gereji

Fungua mlango wa dereva wa gari lililoshuka Bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani, uangalie pembeni kwenye fremu. Mara nyingi utakuta stika ndogo ya Kijapani yenye tarehe na namba za kilomita. Ni kumbukumbu ya oili: ilibadilishwa lini, gari lilikuwa limetembea kiasi gani, na lirudi lini. Ukiitazama vizuri, stika hiyo ni amri. Kuna mtu amemwamulia mwenye gari siku ya kutoa hela tena.

Ubishi wa "nimwage mwenyewe au nipeleke gereji" tumezoea kuumaliza kwa hesabu ya hela na muda. Mimi nataka tuangalie kitu kingine: nani anajua kwamba oili imechoka, na nani analipwa kwa kujua hivyo. Tutakaa zaidi Marekani, maana huko ndiko magari yalikoingia mikononi mwa watu wa kawaida mapema na kwa wingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 swali lenyewe halikuwepo. Gari lilikuwa la tajiri, na tajiri halali chini ya gari. Aliajiri dereva ambaye pia ni fundi. Matatizo yakaanza hapohapo. Malalamiko ya matajiri wa wakati huo utadhani yameandikwa jana: dereva anapatana na gereji, kila matengenezo anachukua cha juu, na usiku gari linatoka na rafiki zake. Bosi afanye nini? Gari halijui.

Halafu mwaka 1908 ikaja Ford Model T. Hadi uzalishaji unasimama mwaka 1927, zilikuwa zimetengenezwa milioni 15. Bei ilianzia kama dola 850 ikashuka hadi chini ya dola 300. Wanunuzi wengi walikuwa wakulima, watu waliokwishazoea kufungua mashine kwa mikono yao. Kitabu cha gari kiliandikwa kwa maswali na majibu, na kilimchukulia mwenye gari kama mtu atakayefanya kazi nyingi mwenyewe.

Hebu tuingie ndani ya hiyo injini kidogo, kwa sababu hapa ndipo sayansi ilipo. Haikuwa na pampu ya oili. Haikuwa na chujio. Haikuwa hata na dipstiki. Gurudumu zito la nyuma, lenye sumaku za kuzalisha umeme, lilizunguka ndani ya oili na kuirusha huku na huku. Sehemu yake ikaingia kwenye kibomba chembamba na kutiririka hadi mbele ya injini. Oili hiyohiyo ndiyo iliyolainisha giaboksi, ambayo mikanda yake ilifunikwa kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kikisagika, nyuzi zinaelea kwenye oili na zinaweza kuziba kile kibomba. Kupima kiasi cha oili unaingia uvunguni, unafungua koki mbili ndogo zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya juu ikitoa oili, umezidisha. Ya chini isipotoa, una shida.

Ford walishauri oili ya kwanza imwagwe baada ya maili 400, kisha kila maili 750 hivi, yaani kama kilomita 1,200. Kwa nini mapema hivyo? Ukichoma lita moja ya petroli unapata takriban lita moja ya maji. Ndiyo, maji. Mengi yanatoka kama mvuke kwenye ekzosi, lakini kiasi fulani hupenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, pamoja na masizi, asidi, na petroli ambayo haikuungua. Injini ikipata moto vya kutosha, maji hayo huvukizwa. Ikizimwa kabla haijapata moto, yanabaki humo. Ndiyo maana safari fupifupi za mjini huchosha oili kuliko safari ndefu ya barabara kuu, jambo ambalo watu wengi hulidhania kinyume. Ongeza vumbi la barabara za udongo za enzi hizo, na hakuna cha kulichuja. Maili 750 hazikuwa ujanja wa muuzaji.

Mwaka 1923 Ernest Sweetland na mwenzake George Greenhalgh wakabuni chujio la oili, wakaliita Purolator, jina lililokatwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "oili safi baadaye". Katikati ya miaka ya 1950 likaja chujio la kufunga kwa kuzungusha, kama kifuniko cha chupa. Kwa mtu anayemwaga oili nyumbani, hicho kilikuwa kitu kikubwa kuliko tangazo lolote.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi hayakuonekana kwa macho. Kuanzia miaka ya 1930, kwanza kwenye injini za dizeli, wakemia walianza kutia kwenye oili viambato vinavyofanya kazi kama sabuni: vinashika masizi na kuyaweka yakielea badala ya kuyaacha yagande kwenye pistoni. Oili ya namna hii inageuka nyeusi haraka kwa sababu inafanya kazi yake. Sasa fikiria fundi anapochomoa dipstiki, anaipangusa kwenye kitambaa cheupe na kukuambia, "Ona mwenyewe bosi, imekufa hii." Weusi peke yake hauthibitishi chochote. Kwa maoni yangu hapa ndipo mwenye gari alipopoteza jicho lake. Fundi naye alipoteza lake, ila yeye hakulazimika kukiri.

Jicho likishindwa, kinachobaki ni namba. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ushauri wa kawaida Marekani ulikuwa maili 1,000. Miaka ya 1960 baadhi ya magari ya Ford yalitangazwa kwa maili 6,000. Na bado gereji na vituo vya oili viliendelea kwa miongo mingi kuimba maili 3,000, sawa na kilomita kama 4,800. Injini zinaboreka, oili inaboreka, namba haisogei.

Imani yenyewe kwa gereji ilikuwa imeshachafuka. Mwaka 1941 jarida la Reader's Digest lilichapisha uchunguzi ambao timu yake ilizunguka Marekani ikichomoa waya mmoja tu kwenye koili ya gari zima, kisha kuingia gereji na kujifanya haijui kitu. Zaidi ya nusu ya gereji zilitoza kazi isiyohitajika au zilidanganya tatizo. Mimi huikumbuka ile nusu nyingine pia. Wapo mafundi waliorudisha waya na kukataa hata malipo.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyozaa ubishi kama tunavyoujua. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ulivibana vituo vya petroli, na vingi vikageuka vya kujihudumia. Yule kijana aliyekuwa anapima oili bure huku gari linajazwa akatoweka. Waliotaka kuokoa hela wakaanza kununua oili kwenye maduka makubwa ya bei nafuu na kuimwaga uani kwao Jumamosi. Januari 1975 Rais Gerald Ford (hana undugu na yule wa magari) akasaini sheria ya dhamana iitwayo Magnuson-Moss. Kwa lugha ya mtaani: kampuni haiwezi kukufutia dhamana eti kwa sababu hukumwaga oili kwao au hukutumia chujio lao, labda wakupe bure. Tunza risiti tu, na ufuate kiwango cha oili kilichoandikwa kitabuni.

Pengo la vituo vya petroli likazaa pia mshindani mpya. Jiffy Lube ilianza Utah mwaka 1971, ikanunuliwa mwaka 1979 na kusambazwa nchi nzima: gari linapita juu ya shimo, fundi yuko chini, dakika kumi umeondoka. Mwaka 1991 Pennzoil, watengenezaji wa oili, wakaishika kampuni hiyo. Yaani anayekuambia oili imechoka ndiye anayeitengeneza. Uamuzi wa kibiashara mzuri sana, kwao.

Jibu la kisayansi kwa ile namba lilitoka maabara ya General Motors. Mkemia Shirley Schwartz na wenzake walitengeneza mfumo wa kukadiria uhai wa oili, ukaingia kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1988. Hauonji oili. Unahesabu mizunguko ya injini na joto lake, kisha unakadiria oili imeumia kiasi gani. Safari fupi za baridi zinapunguza uhai haraka, safari ndefu taratibu. Baadaye CalRecycle, idara ya taka ya California, ikafanya kampeni nzima ya kuwaambia madereva waachane na maili 3,000 na wafuate kitabu cha gari.

Kwa hiyo ukiniuliza, kazi yenyewe ya kufungua nati ya sampu si ngumu, ila usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, linaua. Kwa kazi hiyo ya nusu saa gereji bubu ya karibu inaweza kukufaa kabisa. Kitu ambacho nisingemwachia mtu ni kusoma kitabu, kujua daraja la oili, na kusimama pale nione galoni linafunguliwa mbele yangu.

Ila kuna sehemu moja ambapo mmwagaji wa nyumbani ana kesi ya kujibu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, hukadiria kwamba oili chafu ya gari moja tu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, na kwa miaka mingi watu waliimwaga kwenye mtaro au nyuma ya nyumba. California iliweka sheria mwaka 1991: kila oili inayouzwa ilipiwe tozo, na fedha hizo zilipie oili chafu inayorudishwa na vituo vya kuipokea. Kwetu oili chafu ina soko lake, inapakwa kwenye mbao na nguzo kuzuia mchwa. Mvua ikinyesha, inashuka kwenye udongo uleule uliozungukwa na visima.